Kadi Namba 36: Kisa cha Nakala 18 Zilizozidi

Aliyehesabu ni msichana wa kidato cha pili, mkazi wa Kirumba, Mwanza. Jumamosi hiyo walikuwa wamekaa chini ya mti karibu na kivuko cha Kamanga, kadi zao za picha, za kukusanya na kubadilishana, zimetandazwa juu ya kanga, na kila mwenye kadi namba 36 akaitoa ili wenzake waione. Zikatoka tano. Tano si nyingi. Lakini msichana huyu ana kauntabuku ambamo, tangu kadi zilipoanza kuuzwa, ameandika nani ana kadi gani, aliipata kwa nani, na kama aliibadilisha, alibadilishana na nani. Wenye kadi namba 36 kwenye kauntabuku walikuwa 12, na wote aliwajua kwa majina. Kati ya wale watano waliokaa mbele yake, watatu hawakuwamo.

"Kaka, si mlisema ziko 12?" alimuuliza kijana aliyezichora.

"Ndiyo, 12."

"Mbona mimi nahesabu 15?"

Mimi niliitwa siku nne baadaye. Aliyeniita ni mjomba wa mchoraji, kwanza kwa sababu kazi yangu kwa miaka mingi hapa Mwanza imekuwa kupanga kurasa na kusimamia uchapaji, na pili kwa sababu vijana watatu walioshibana tangu shule ya msingi walikuwa wamefika mahali pa kupishana njiani bila salamu. Naandika kwa ridhaa yao. Majina yao siyataji, wala jina la mfululizo wa riwaya ulioanzisha yote haya, kwa kuwa kadi zao zilitengenezwa bila ruhusa ya wenye mfululizo na sitaki kuwachongea. Atosheke msomaji kujua kwamba ni hadithi ndefu ya falme na majoka, inayojulikana karibu dunia nzima, na kwamba watatu hao waliijua kwanza kupitia tamthilia yake kwenye banda la video, tena ikiwa na sauti ya mtu anayetafsiri kwa Kiswahili huku akiongeza maneno yake. Vitabu walivipata baadaye sana.

Mmoja ni mchoraji, anaishi Mabatini, kule juu kwenye mawe. Wa pili ni mwanachuo, ndiye aliyeandika maelezo ya nyuma ya kila kadi: jina, ukoo, nguvu, udhaifu. Wa tatu ameajiriwa kwenye stationeri moja ya katikati ya mji, na nitamwita mchapaji.

Kabla ya ugomvi inafaa niieleze hiyo kadi, maana bila kuiona mtu anaweza kudhani watoto walikuwa wakigombea kipande cha karatasi tu. Kadi namba 36 ni joka kubwa kuliko yote katika hadithi ile. Mchoraji hakulinakili kutoka kwenye picha yoyote ya tamthilia. Amelikalisha juu ya jiwe la Bismarck, ule mwamba wa Mwanza unaotokeza ndani ya Ziwa Victoria, usiku wa giza, mwezi hakuna, mabawa limeyakunja kama tanga la mtumbwi lililoteremshwa. Chini yake, ziwani, wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao, na mwanga wote wa picha unatoka huko chini: unapiga tumbo la joka, kidevu, ukingo wa bawa moja. Macho yamebaki gizani. Mtu aliyewahi kuona dagaa wakivuliwa usiku usio na mwezi anajua mwanga ule ukoje, unavyotetemeka na kujirudia majini. Niliiangalia kadi hiyo kwa muda kabla sijaigeuza nyuma, nami nimepitisha picha nyingi mikononi mwangu.

Sasa hesabu, kwa sababu kisa chote kimelala humo. Kadi zao zina kipimo kilichozoeleka duniani kwa kadi za aina hii, milimita 63 kwa 88. Karatasi ya A4 inabeba kadi tisa za kipimo hicho, tatu kwa tatu, na nafasi ya kukatia inabaki. Seti ya kadi 36 kwa hiyo inakaa kwenye karatasi nne. Karatasi tatu za kwanza zilikuwa na kadi 27 za kawaida, kila karatasi ikachapwa mara 20. Karatasi ya nne ilikuwa na kadi tisa adimu, namba 28 hadi 36, nayo ikachapwa mara 12. Zikapatikana kadi 540 za kawaida na 108 adimu. Wakazigawa kwenye pakiti 108: kadi tano za kawaida na moja adimu, ndani ya bahasha ndogo ya kaki iliyobandikwa kwa gundi. Juu ya kila bahasha mwanachuo aligonga muhuri: "Kila kadi adimu ina nakala 12 tu."

Kuchapa pande zote mbili kwenye atikadi, karatasi ngumu ya kadi, ya gramu 300 kuliwagharimu shilingi 1,500 kwa karatasi, bei ya mfanyakazi. Karatasi 72 zikala 108,000. Bahasha zikala 10,800. Pakiti iliuzwa shilingi 2,000, zikaisha zote, zikaingia 216,000. Kilichobaki, 97,200, wakagawana sawasawa: 32,400 kila mtu. Mchoraji alikuwa amechora kwa miezi mitano.

Pakiti zilipokwisha, hamu haikuisha. Wanafunzi walimfuata mchapaji dirishani pake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mahali panapojulikana, wakimuuliza kama namba 36 ipo. Mmoja akasema atatoa 3,000 kwa kadi hiyo moja. Faili lilikuwa bado kwenye kompyuta ya kazini. Jioni moja akaipanga kadi namba 36 mara tisa kwenye karatasi moja, akachapa karatasi mbili. Gharama 3,000, kadi 18. Aliuza 15 kabla ya Jumamosi ile ya kauntabuku.

"Mzee, ilikuwa faili tu," aliniambia. Alilisema hilo kwa unyoofu, na nilimwamini. Angeambiwa achukue kadi moja kutoka mkoba wa rafiki yake, asingegusa. Faili halipungui ukilichapa, na kwa hiyo mkono hausikii uzito wa kitu kilichochukuliwa. Wenzangu wengi wa kazi hii, watu wazima, wamejikwaa hapo hapo: mteja ameacha faili la kadi za harusi au nembo ya duka, na siku moja linatumika kwa mteja mwingine bila mtu kuona amefanya kosa.

Mwanzoni alikana, hivyo ikabidi tuzichunguze kadi zenyewe. Nilimwomba msichana atuletee zote alizoweza kukusanya, tukazipanga kifudifudi juu ya meza ya mjomba. Nyuma ya kila kadi kuna fremu ya bluu. Kwenye nakala halisi, fremu hiyo imepinda kidogo, na ukingo wa chini upande mmoja una mstari mweupe mwembamba kama uzi. Zote zina mstari huo, mahali pale pale. Sababu yake ni ya kawaida kabisa kwa anayejua printa: trei ya karatasi nene ilikuwa imelegea, kwa hiyo karatasi ilipogeuzwa ili ichapwe upande wa pili iliingia imekaa mshazari. Karatasi ikikaa mshazari, katikati hakuharibiki sana. Pembeni ndiko kunakopotoka. Na kadi namba 36, ikiwa ya mwisho kwenye karatasi ya nne, ilikuwa imekaa pembeni kabisa, kwenye kona. Mara 12 ilichapwa, mara 12 ikapata kovu lile lile.

Zile zilizozidi hazikuwa hivyo. Moja ilikuwa na mstari juu, nyingine ubavuni, na nyingine haikuwa na mstari kabisa, fremu ikionekana kwa jicho kama imenyooka. Hiyo ilikuwa imekaa katikati ya karatasi yenye kadi tisa zinazofanana. Nilipomweleza mchapaji jambo hilo, hakubisha tena. Aliishika ile iliyonyooka, akaizungusha vidoleni, akasema, "Trei ile nilishaisema kwa bosi." Kisha akaanza kulia.

Alipotulia ndipo akatoa hoja ambayo wenzake hawakuweza kuijibu, na ndiyo iliyonifanya niandike. "Mnaniita mwizi wa joka. Joka lenyewe ni la nani?"

Mimi si mwanasheria, lakini hili la hakimiliki nimelazimika kulifahamu kwa sababu ya kazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tangu 1994 ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ule mkataba wa kimataifa unaolinda kazi za waandishi na wasanii. Maana yake kwa vijana hawa ni kwamba hadithi iliyoandikwa ng'ambo inalindwa hapa kama ile iliyoandikwa Nyamagana, hapa hapa Mwanza, bila mwandishi wake kusajili chochote kwetu, na kuigeuza hadithi hiyo kuwa kitu kingine ni haki yake yeye na aliowapa ruhusa. Kugawa bure hakubadilishi jambo hilo kisheria, ingawa wenye kazi nyingi kubwa huwaacha mashabiki wanaochora kwa mapenzi. Pesa ikiingia, uvumilivu huo hupungua haraka. Mfano unaojulikana ni wa Harry Potter: kulikuwa na tovuti ya shabiki, kamusi kubwa ya kila jina na kila kitu kilichomo katika riwaya hizo, ambayo mwandishi wake, J. K. Rowling, mwenyewe aliwahi kuisifu hadharani. Ilipotaka kutoka kama kitabu cha kuuzwa, yeye na Warner Bros., kampuni iliyotengeneza filamu za riwaya hizo, wakaenda mahakamani New York, na mwaka 2008 wakashinda. Fidia haikuwa kubwa, dola 6,750, lakini kitabu kilizuiwa kutoka kama kilivyokuwa.

Upande wa pili, mkataba huo huo wa Berne unasema kazi iliyogeuzwa kutoka kazi nyingine hulindwa kama kazi asilia, bila kuathiri haki ya mwenye kazi ya kwanza. Mchoraji wetu alilishika hilo kwa mikono miwili, na nadhani ana haki ya kulishika. Lile jiwe, zile taa, yale mabawa yaliyokunjwa kama tanga, ni vyake. Joka na jina lake si vyake. Kwa hiyo mchapaji alikuwa sahihi kwamba wote watatu wana deni kwa mtu wa mbali. Alikosea alipodhani deni hilo linalifuta la kwake.

Na la kwake, kwa maoni yangu, halikuwa la mchoraji kwanza. Lilikuwa la watoto.

Hapa nina neno na wote watatu. Pakiti iliyofungwa ni bahati nasibu, hata ikiwa na picha nzuri ndani. Mtoto anayetaka namba 36 ana nafasi moja kati ya tisa kwa kila pakiti. Anayetaka zote tisa adimu yuko kwenye hali ngumu zaidi kuliko anavyodhani: ya kwanza anaipata papo hapo, lakini kadiri anavyokusanya, pakiti nyingi zaidi humletea anayokuwa nayo tayari, na ile ya mwisho peke yake inamtaka pakiti tisa kwa wastani. Ukijumlisha hatua zote, akitegemea bahati tu na pakiti zikiwa haziishi, inafika karibu pakiti 25, zaidi ya shilingi 50,000. Hiyo ni pesa ya mwanafunzi wa kutwa anayepewa nauli na ya andazi. Kinachomwokoa ni kubadilishana. Wakikaa 12 chini ya mti, mwenye mbili za namba 30 akampa asiyenayo, seti zinakamilika bila mtu kufilisika. Ndiyo maana mkutano wa Jumamosi ulikuwa na thamani kuliko pakiti zenyewe. Lakini huwezi kubadilishana kwa haki kama hujui kitu kiko kingapi. Mvulana mmoja alikuwa ametoa kadi nne adimu ili apate namba 36 moja, akiamini ule muhuri wa 12. Aliyempa alikuwa ameinunua dirishani siku iliyotangulia kwa 3,000.

Kampuni kubwa nazo zimewahi kuungua kwa jambo hili. Magic: The Gathering, mchezo ulioanza 1993 na kuzaa biashara nzima ya kadi za kukusanya na kuchezea, mwaka 1995 ulichapa upya kadi za zamani kwa wingi katika toleo liitwalo Chronicles. Waliokuwa wamezihifadhi wakakasirika kiasi kwamba mwaka uliofuata kampuni ilitoa orodha ya kadi ambazo iliahidi kutozichapa tena. Kinachonivutia zaidi ni walichofanya kabla ya hapo, mwishoni mwa 1993. Walichapa seti ya kumbukumbu yenye picha zile zile, lakini wakaikata kona za mraba badala ya mviringo na kuipa mgongo tofauti, ili asitokee wa kuiuza kama ile ya kweli. Mchapaji wetu angeweza kufanya vivyo hivyo. Angegonga neno "nakala" mgongoni akauza kwa 500, akiwa amewaambia wenzake, na pengine nisingeitwa.

Njia ya kutoka ilijadiliwa jioni mbili. Mjomba alitaka kadi zote zikusanywe zichomwe. Mwanachuo alitaka mchapaji atangazwe kwenye kundi la WhatsApp. Mimi nilipendekeza waachane na hadithi ya watu na kuchora Shing'weng'we, lile zimwi la Wasukuma lililomeza watu wote mpaka kijana Masala Kulangwa akalipasua tumbo wakatoka. Nililisema kama jibu la kila kitu. Mchoraji alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Shing'weng'we nitamchora, mzee. Lakini nitamchora siku nikimwona kichwani, siyo kwa kukimbia kesi." Niliona amenishinda. Zimwi lile limesimuliwa kwa vizazi, halistahili kugeuzwa pazia la kujifichia.

Waliyokubaliana ni haya. Hawatauza tena kadi za mfululizo ule. Mwanachuo ameandika barua ya kuomba ruhusa kwa wachapishaji wa riwaya hizo, fupi, akieleza walichofanya na idadi waliyouza, na jibu likija au lisipokuja kuuza kumesimama. Nakala 12 halisi mchoraji atazitia sahihi na namba kwa kalamu, 1 hadi 12. Tatu zilizobaki kwa mchapaji zitakatwa. Waliouziwa zile 15 watarudishiwa 3,000 zao, na anayependa kubaki na kadi ataandikiwa "nakala" mgongoni, kwa mkono wa mchapaji mwenyewe. Yule mvulana wa kadi nne atarudishiwa zote nne. Aliyezichukua alikubali bila kusukumwa, na hilo lilinigusa kuliko barua ya mwanachuo. Siku za mbele, wakitengeneza kitu kilicho chao, watakiuza wazi, mnunuzi akichagua anachokiona, na faili litakaa kwa aliyelichora.

Wawili kati ya walionunua hawakupatikana, shule zilikuwa zimefungwa. Pesa yao, 6,000, iko kwa mjomba ndani ya bahasha ya kaki.

Jumamosi ya kurudisha ilikuwa na upepo, kanga ikashikiliwa na mawe pembe zote nne. Mchapaji alikaa na kalamu, watoto wakapita mmoja mmoja. Aliandika "nakala" kwa herufi ndogo, akahesabu noti, akasema samahani kwa kila mmoja, na kwa walio wakubwa kwake kidogo aliongeza shikamoo. Kumi walichukua pesa na kubaki na kadi zao. Wawili walirudisha kadi.

Wa mwisho alikuwa mtoto wa darasa la saba, na kadi yake ilikuwa ile iliyonyooka. Alikataa isiandikwe.

"Pesa yako hii hapa, dogo. Naandika kidogo tu."

"Siitaki pesa. Zenu zote zimepinda. Yangu haijapinda."

Mchapaji akamtazama mchoraji, mchoraji akanitazama mimi. Kanuni ilikuwa wazi: isipoandikwa, kesho mtu mwingine anaweza kuuziwa kama halisi. Na mtoto alikuwa anasema kweli. Katika kadi zote namba 36 zilizokuwa pale, hiyo peke yake ndiyo iliyochapwa vizuri.

Msichana wa Kirumba alifungua kauntabuku, akapitisha kidole mpaka chini ya mstari wa 12, akaomba kalamu. Akaandika jina la mtoto, na mbele yake: 13, nakala, haina mstari mweupe. Akamgeuzia daftari asome.

"Ukiiuza nitajua," akamwambia.

Mtoto akasoma mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akairudisha kadi kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.